Kompyuta ya Kumrudisha Erica

Mzee Danford Mwalongo alikuwa amepima mbao maisha yake yote ya kazi, na kazi ile ilimwingia mpaka machoni. Hata msibani, watu wakiwa wanalia, yeye alikuwa akitazama jeneza na kuona kwamba ubao wa pembeni haukukauka vizuri. Alifanya hivyo hata kwenye msiba wa mke wake, Esnath, na hilo hakumwambia mtu. Ndivyo alivyokuwa. Kitu kikimuuma, alikipima.

Kwa hiyo sitaki mtu amcheke sana nikisema kwamba siku alipoamua kununua RAM ya kompyuta alichukua futi kamba. Mcheke kidogo tu, inatosha.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya marehemu. Ilikuwa ile ya mezani, nyembamba, ya aina ambayo maofisi huiuza ikichakaa, na Esnath alipokuwa katibu wa usharika alichapia humo ratiba za ibada na matangazo ya Jumapili. Baada ya kifo chake ilibaki kwenye chumba cha mtoto wao wa pekee, Erica, imefunikwa kitambaa cha kufuma, haina kazi. Erica mwenyewe alikuwa Dodoma, kwenye ofisi inayochora ramani za majengo.

Erica alikuja kumzika mama yake. Alikaa mpaka matanga yakaisha, akagawa nguo za marehemu kwa mashangazi, akafua mapazia ya nyumba nzima ingawa yalikuwa safi. Asubuhi ya kuondoka, baba na binti walisimama stendi ya Njombe, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa za maduka, kila mmoja kaficha mikono ndani ya koti. Walikuwa wameshamaliza habari za viazi na habari za bati la jikoni linalovuja. Ndipo Erica akasema, huku akitazama upande basi litakakotokea:

"Baba, unajua, hapa nyumbani kungekuwa na kompyuta yenye nguvu ya kubeba programu yetu ya kuchorea, ningeweza kukaa hapa hata mwaka. Bosi anaruhusu watu kufanyia kazi nyumbani."

"Ile ya mama yako haibebi?"

"Ile?" Erica akacheka kidogo. "Ile ukiifungulia programu yetu itazimia."

"Inahitaji nini?"

Erica akageuka akamtazama. Alimtazama kwa muda, midomo imeachana kidogo, kama mtu anayengoja kumaliziwa sentensi. Baba yake naye alikuwa anangoja vipimo.

"RAM zaidi," akasema mwishowe. "Na kadi ya picha. Lakini usihangaike, Baba."

Basi likaja. Danford alimpandishia begi, akamwambia afunge sweta mpaka juu kwa sababu mlangoni mwa basi kuna upepo, akabaki anapunga mkono hata baada ya basi kukata kona.

Alirudi nyumbani na oda kichwani: RAM, na kadi ya picha. Miaka yote ile kwenye mashamba ya miti ya Kifanya, oda ilikuwa ikija na vipimo, na ukitimiza vipimo mteja anakuja kuchukua mzigo wake. Hakuona kwa nini safari hii iwe tofauti. Akishaiwezesha ile kompyuta, Erica atarudi, na atakaa hata mwaka, kwa maana yeye mwenyewe ndiye aliyesema.

Utauliza kwa nini asimwambie tu binti yake arudi. Hujawajua akina Mwalongo. Katika nyumba ile mzazi hamwiti mtoto mkubwa. Baba yake Danford hakumwita yeye hata siku alipokuwa hoi kitandani. Danford alipata habari kwa muuza kuku. Mtoto aliyekua ana shughuli zake, na ukimwita umekiri kwamba umezidiwa, na mwanaume hakiri. Badala yake unatengeneza bati, unapasua kuni, unapanda miparachichi nyuma ya nyumba, halafu unakaa kimya ukitumaini kwamba mtoto atapita na kuona. Sijui ni babu gani aliyeanzisha utaratibu huu, lakini ningempata ningemweleza.

Na nyumba ilikuwa imemzidi kweli. Ilijengwa kwa ajili ya watu wengi, ikapata watatu, sasa ilikuwa na mmoja, na yule mmoja alikuwa anajua ni ubao upi wa dari utalia jua likitoka na upi utalia likizama. Alipika ugali wa kumbakizia mtu. Asubuhi alikula kiporo na chai, akiwa amesimama, kwa sababu ukikaa mezani peke yako viti vingine vinakutazama. Alianza kuhudhuria vikao vya usharika ambavyo havikumhusu, hata kikao cha akina mama cha kupanga vyombo vya sherehe, mpaka mchungaji akamuuliza kwa upole kama anahitaji jambo. Akasema hapana, alikuwa anapita.

Kila Jumapili jioni Erica alipiga simu, na miezi ikapita hivyo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Huko hali?"

"Joto. Huko?"

"Baridi."

"Pole. Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula."

Baada ya hapo walisikilizana wakipumua, kisha mmoja akasema haya, basi, na mwenzake akasema haya. Zamani simu hizo alipokea Esnath, na zilichukua jioni nzima. Danford alikuwa akisikia kicheko kutoka chumbani na kujua kwamba mtoto yuko salama. Hakuwahi kujua wanachekea nini.

Basi akafungua ile kompyuta. Alitumia bisibisi ya cherehani ya Esnath, akatoa kifuniko, akapuliza vumbi, akachomoa kile kijibao chembamba cha kijani ambacho fundi wa stesheneri alimwambia ndicho RAM. Akakipima. Urefu, upana, unene. Akakirudisha mahali pake, akakariri vipimo vyake barabarani kama mtoto aliyetumwa dukani, akapanda gari ya Makambako.

Watu walimwelekeza duka moja la Makambako, jirani na stesheni ya reli, ambalo halikosi vifaa. Mwenye duka alikuwa kijana wa Kikinga kutoka Makete, Praygod Sanga, mwenye ulimi mwepesi na bisibisi nyuma ya sikio. Kompyuta zilizofunguliwa matumbo zilipangwa kutoka sakafuni hadi darini, na katikati yake kulikuwa na kigoda kimoja cha wateja.

"Shikamoo, mzee. Karibu sana, kaa."

"Marahaba. Nataka RAM."

"Ya kompyuta gani?"

"Ya mezani."

"Ya kampuni gani, mzee? Modeli gani?"

Danford akamtajia vipimo. Alivitaja kwa ukamilifu, pamoja na unene. Praygod akacheka mpaka bisibisi ikaanguka.

"Mzee wangu, RAM hainunuliwi kwa sentimita!"

"Kijana," Danford akasema, amenuna, "kitu chochote kinachoingia ndani ya kitu kingine kina kipimo."

"Kweli. Lakini zipo za vizazi tofauti. Mashine ya kizazi cha tatu haikubali RAM ya kizazi cha nne, hata zikilingana urefu. Mpigie mtu nyumbani akusomee ile karatasi iliyobandikwa nyuma ya mashine."

"Nyumbani hakuna mtu."

Alisema hivyo kama anayejibu saa ngapi. Praygod aliacha kucheka. Akamwomba arudi siku nyingine na mashine yenyewe, au hata na ile RAM ya zamani tu, walinganishe. Lakini Danford alikuwa amekwisha toa futi kamba na alikuwa anapima zilizokuwa mezani moja moja, mwenye duka akimtazama kwa subira. Akapata moja iliyolingana urefu bila kuzidi hata unywele. Upana ulizidi kidogo mno, na ubao wa paina ukikauka hupungua zaidi ya hapo.

"Hii hapa," akasema.

"Mzee, hiyo ni ya kizazi cha nne."

"Inalingana."

"Sawa. Lakini ikigoma usiilazimishe. Irudishe ikiwa nzima, nitakubadilishia."

Nyumbani iligoma. Danford aliisukuma kwa kidole, akaigeuza, akaisukuma tena, kisha akakumbuka alichoambiwa akaacha. Akazipeleka zote mbili dirishani, mpya na ya zamani, akazilaza pamoja. Urefu sawasawa. Lakini pale chini, kwenye meno ya dhahabu, kila moja ilikuwa na pengo dogo, na mapengo yale hayakukaa mahali pamoja. Kwenye sloti ya mashine kulikuwa na kijinundu kinachosubiri pengo la ile ya zamani tu. Miaka yote ile ya kupima, na hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kutengeneza vitu viwili vya kipimo kimoja na kuvikataza makusudi visibadilishane.

Jirani yake, Telesia, alimwona asubuhi yake akifunga geti tena.

"Kamwene, baba Erica. Makambako tena? Umepata mchumba huko?"

"Nafuata kifaa cha kompyuta."

"Hiyo kompyuta inakula kuliko ng'ombe," akasema Telesia, akaendelea na viazi vyake.

Praygod hakumsema. Alimbadilishia, akamwonyesha pengo, akamwonyesha maandishi madogo kwenye kibandiko. "Hawa ni ndugu wa baba mmoja, mzee, lakini hawalali chumba kimoja." Halafu akaagiza chai na maandazi. Danford alikaa kwenye kigoda. Alimweleza Praygod namna ya kutambua ubao uliopasuliwa ukiwa mbichi, na Praygod akamweleza namna vijana wanavyonunua kioo kikubwa cha kuchezea gemu na kukiunganisha na mashine isiyoweza hata kufungua barua. Wateja waliingia na kutoka. Kila mmoja alimwamkia Danford, na wengine walimdhania baba wa mwenye duka. Hakuwasahihisha.

Alipoondoka alikuwa amenunua na kadi ya picha. Safari hii alikuwa mfuasi wa mapengo. Aliikagua kadi chini, akaona meno yake na pengo lake, akamfanya Praygod aape kwamba sloti ya aina ile imo kwenye mashine nyingi za mezani. Praygod aliapa, akaongeza: "Ila kuna mashine nyingine zina mambo yao, mzee. Yako ikoje, pana au nyembamba?" Danford, ambaye kichwa chake kilikuwa kimejaa mapengo, akasema ni ya kawaida.

Nyumbani RAM iliingia ikalia tik, akafurahi. Kadi nayo iliingia ikakaa. Ndipo akachukua kifuniko cha mashine akakirudisha, na kifuniko kikakataa. Kadi ilikuwa ndefu kwenda juu. Ilichomoza nje ya lile boksi jembamba kama shingo ya bata.

Alikuwa hakuipima.

Mpimaji wa Kifanya, aliyekuwa akirudisha lori zima kwa sababu ya ubao mmoja, alinunua kitu bila kukipima! Danford alitazama ile kadi iliyochomoza, na kicheko kikamtoka. Alicheka kweli, akashika meza, machozi yakamtoka, na akageuka upande wa mlango kumwita Esnath aje aone. Alifungua hadi mdomo.

Basi hapo akalia. Hakulia msibani, wala siku ya kugawa nguo. Alilia pale, kwa sababu alikuwa na jambo la kuchekesha na hapakuwa na wa kumwambia. Upweke si kukosa mtu wa kukusaidia kubeba gunia. Magunia wapo vijana wa kubeba. Ni kukosa mtu wa kumwambia kwamba leo umefanya upuuzi.

Alipotulia, jambo moja alilikubali ndani ya nafsi yake, na lilimwaibisha kidogo: alikuwa amefurahi kwamba kadi imekataa. Ilimpa sababu ya kurudi Makambako.

Safari ya tatu aliibeba mashine yenyewe. Aliiviringisha blanketi, akaipakata njia nzima, na mama mmoja aliyepandia Kichiwa akamuuliza kama mtoto anaumwa. Praygod alipoliona boksi akajishika kichwa.

"Mzee! Hii ndiyo ya kawaida?"

"Kwangu ni ya kawaida."

"Haya, tuanze upya, na safari hii tuanze mwanzo."

Akaifungua, akawasha tochi ya simu. Akasoma kibandiko cha pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya mashine, akasikitika. Hata kadi ile ingekatwa ikaenea, alisema, umeme wa mashine hii usingeilisha. Ilitakiwa waya wake wa peke yake, na waya huo humu haumo. Pawa saplai nayo haibadilishwi na ya dukani, kwa sababu waliotengeneza mashine hizi waliifanyia umbo lao na pini zao. Kwa hiyo inatakiwa kadi fupi, isiyokula umeme mwingi, inayojilisha kwenye sloti yenyewe. Alikuwa nayo moja. Akaiweka mezani.

"Hii itaingia, na kifuniko kitafunga," akasema. "Lakini sikuuzii."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kuna swali nilipaswa kukuuliza siku ya kwanza, nikaacha kwa kukucheka na futi kamba yako. Inakwenda kufanya kazi gani? Programu gani, na toleo gani? Hizi za kuchora majengo zina ubaguzi. Toleo jipya linaweza kuikataa kadi hii kabisa. Nikikufungia halafu ikakataliwa, tutakuwa tumehangaika bure."

Danford hakujua. Alijua tu kwamba ni ya kuchora.

"Basi mpigie anayeitumia."

"Hapana," Danford akasema haraka.

Praygod aliweka tochi chini. "Mzee, umekuja hapa mara ya tatu. Leo umeibeba kama kichanga. Ni ya nani?"

"Ya binti yangu. Yuko Dodoma."

"Anajua unamtengenezea?"

"Akija ataiona."

"Anakuja lini?"

Danford alitazama ile mashine iliyo wazi. Ilimshangaza kwamba miezi yote ile hakuwahi kujiuliza swali hilo. Erica hakuwa amesema atakuja. Erica alisema *ningeweza*. Yeye Danford alikuwa anatengeneza kitu cha kumfurahisha mtu atakapofika, ilhali mtu huyo hatafika mpaka aambiwe kwamba kipo.

Akatoka nje na simu. Kulikuwa na upepo wa Makambako, ule unaokusukuma mgongoni, na malori ya Songea yalikuwa yanakata kona kwa kelele. Akasimama penye ukuta.

"Baba?" Erica alishtuka. Haikuwa Jumapili. "Kuna nini? Unaumwa?"

"Hapana, siumwi. Ile programu yenu ya kuchorea, inaitwaje? Na toleo lake."

"Programu? Ya nini, Baba?"

"Nipo Makambako kwa fundi. Kompyuta ya mama yako nimeiongezea RAM. Sasa tunaweka kadi ya picha, ila fundi anataka kujua toleo." Alisikia sauti yake ikipanda kwa furaha, akashindwa kuishusha. "Ulisema ikiwa na nguvu utaweza kufanyia kazi nyumbani."

Lori likapita. Alidhani simu imekatika.

"Baba," Erica akasema, taratibu sana. "Ofisi ilinipa laptop tangu Aprili. Inabeba kila kitu. Naweza kukaa nayo popote."

"Ahaa," akasema Danford. "Kumbe."

"Na tena, nilitaka nikuambie Jumapili. Wanafungua tawi Mwanza. Wamenipa nilisimamie. Wiki iliyopita nimesaini. Ni mkataba mrefu, Baba. Itabidi niwe pale pale."

"Hongera," Danford akasema. Neno lilitoka lenyewe, na adabu zake zote. "Hongera sana, mwanangu. Mwanza kuna joto, nunua chandarua kizuri."

"Ndiyo, Baba."

"Haya, basi."

"Haya."

Akarudi ndani. Akakaa kwenye kigoda na mikono yake juu ya magoti. Praygod alikuwa ameshika kadi kwenye karatasi yake, tayari.

"Kasema toleo gani?"

"Hakusema."

"Hukumuuliza?"

"Nilimuuliza. Akanieleza mambo mengine."

"Mzee, siwezi kufunga hivi hivi," akasema Praygod, ambaye hakujua lolote na alikuwa anaitetea kazi yake tu. "Umepiga simu kutaka jambo moja, umerudi bila lile jambo. Toka tena ukamwambie hasa unachotaka."

Danford alimtazama kijana wa watu. Angeweza kumwambia kwamba haina haja, amfungie blanketi aende zake. Ndivyo baba yake angefanya. Angerudi Njombe, angeiweka mashine chumbani, angeifunika, na Jumapili angeuliza kama Mwanza kuna joto, na hivyo hivyo mpaka siku Erica naye atakapopewa habari na muuza kuku.

Akasimama, akatoka tena kwenye upepo.

Erica alipokea kabla simu haijaita sawasawa. Sauti yake ilikuwa imelowa.

"Umesahau kitu, Baba?"

"Ndiyo."

"Toleo?"

"Hapana." Aliegemea ukuta. Neno alilolitaka lilikuwa dogo, hata mtoto mdogo hulisema. "Njoo nyumbani, mwanangu. Nimezidiwa. Nyumba ni kubwa, sina wa kuongea naye. Nilikuwa nataka uje, siyo kompyuta."

Alimsikia akilia, kilio cha mtu aliyekizuia tangu mbali, tangu stendi.

"Nilikuambia pale, Baba," akasema. "Nilikuambia naweza kukaa. Nilikuwa nangoja useme kaa. Ungesema tu kaa, nisingepanda basi. Nilidhani unataka kubaki na msiba wako peke yako."

"Mimi nilisikia RAM," akasema Danford.

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine, huko mbele, pengine wangeweza.

"Siwezi kuvunja mkataba," Erica akasema. "Natakiwa kufika Mwanza wiki ijayo. Nikiondoka Dodoma Ijumaa nikashuka huko kwanza, nitapata siku mbili. Mbili tu, Baba. Zinatosha?"

Danford alifuta uso kwa kiganja. Maisha yake yote mtu akimuuliza kama kinatosha, alijibu kinatosha.

"Hazitoshi," akasema. "Lakini njoo."